Leokadia na Kivuli cha Kidole

Mwalimu Lorenz amekuja kwangu mara tatu na daftari lake. Anataka habari za watu wa Blattegg ziandikwe kabla sisi wazee hatujaisha, na kila mzee amepangiwa mtu wa kumwandika. Mimi nikapangiwa Leokadia.

"Mwalimu," nikamwambia, "makaburi yote yale pale kanisani, wewe ukaona uniletee huyu?"

"Alikuwa shemeji yako, Mzee Medard. Nani anamjua kuliko wewe?"

Haya, nitaandika. Lakini asije mtu kuniambia nimemsema vibaya marehemu. Sikumpenda. Miaka thelathini na minane alikaa hatua mia kutoka mlangoni kwangu, na sikumpenda hata siku moja.

Alikuja mwaka wa ishirini na sita, bibi harusi wa mdogo wangu Kamil. Alikuwa mtu wa bondeni, na hilo peke yake lilitosha. Sisi tumekaa huku juu, ubavuni mwa mlima, upande wa jua, mahali ambapo kuku akiteleza anaokotwa kijiji cha chini. Wao walikaa kwenye kinamasi chao, mbu na homa, nyuso za njano. Babu zetu waliwaita vyura, na sisi hatukuona sababu ya kubadilisha. Baba yake alikuwa mlinzi wa njia ya reli. Kazi yake ilikuwa kushusha mti treni ikipita na kuuinua ikishapita. Mtu mzima, hana hata ng'ombe! Kwa hiyo binti hakuletwa na ng'ombe wala kondoo. Alileta sanduku la mashuka na saa ya ukutani, imefungwa ndani ya mto, imepanda nyumbu kama mtoto mchanga.

"Ya nini hiyo?" mama yangu alimuuliza pale pale uani.

"Ya kujua saa, mama."

"Sisi saa tunazijua. Inua uso."

Uani watu walicheka mpaka nyumbu akashtuka. Leokadia aliinua uso kweli, akaangalia mlima, halafu akaiingiza saa yake ndani akaitundika. Mwanamke wa adabu angeona haya.

Mama alikuwa anamwonyesha Kidole. Lilikuwa jiwe refu, jembamba, limesimama peke yake juu ya ukingo wa mlima, upande jua linakozama. Bila Kidole Blattegg isingekuwepo, maana hapa mvua hainyeshi. Milima imeizuia pande zote. Tunaiona ikimwagikia wenzetu ng'ambo, sisi tunakauka. Tunaishi kwa Mfereji. Unaanzia chini ya barafu ya mlimani, mwendo wa saa tatu, na penye majabali yaliyosimama wima maji yanapita ndani ya magogo yaliyochimbwa, yananing'inia kwenye boriti. Maji yakifika salama yanazungusha gurudumu dogo la mti, gurudumu linainua nyundo na kuiangusha juu ya ubao: ko, ko, ko, mchana kutwa. Nyundo ikinyamaza, wanaume wanatupa vijiko na kukimbia mlimani.

Waliouchonga ule Mfereji hawakuaminiana, na walifanya vizuri. Mwaka wa 1448 waliandika hati ya ngozi, wakaifungia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiopendana. Hati inasema kila shamba lina zamu yake ya maji, na zamu ya asubuhi inaishia, na ya mchana inaanzia, pale kivuli cha Kidole kinapogusa alama ya shamba hilo. Ndugu wawili Theler walitazama jiwe la kinu. Sisi tulitazama ngazi ya kikanisa cha Mtakatifu Barbara. Zamu zenyewe zimechongwa kwenye kijiti cha zamu, kila nyumba na alama yake, na anayekishika kijiti ni Mkuu wa Mfereji. Wakati huo nilikuwa mimi.

Baba yetu alipokufa tuligawana shamba la nyasi. La juu likawa langu, la chini la Kamil. Kila siku ya kumi na sita maji yalikuwa yangu asubuhi, na kivuli kikigusa ngazi nilifunga kilango cha maji cha juu, Kamil akafungua cha chini. Hatukugombana hata mara moja. Kamil hakuwa mtu wa kugombana.

Mwaka wa thelathini na moja Kamil alianguka kutoka kwenye magogo. Kila mwaka theluji ikiyeyuka tunapiga kura kwa kuchomoa vijiti ndani ya kofia, na wenye vijiti vifupi wanakwenda kukarabati Mfereji penye majabali. Kijiti kifupi nilikitoa mimi. Nilikuwa naumwa jino. Uso ulikuwa umevimba, sikulala siku mbili, Kamil akasema, "Kaa, kaka, nitakwenda mimi." Nyundo ilinyamaza kabla ya chakula cha mchana.

Leokadia alijua. Kijiji kizima kilijua. Siku ya mazishi nilimngojea aniambie, nikawa nimeandaa na la kumjibu. Hakusema. Mwaka ule hakusema, na mwaka uliofuata hakusema, na hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe.

Alibaki na ng'ombe wawili, saa yake na lile shamba. Hakuwa na mtoto. Nilidhani atarudi kwao kwenye kinamasi, shamba lirudi kwenye ukoo. Niseme kweli, nililitaka. Lakini alikuja kwangu kabla ya msimu wa maji, na kitambaa chake cheusi kichwani, akasimama mlangoni bila kukaribishwa.

"Shemeji, naomba alama yangu kwenye kijiti."

"Alama ni ya nyumba. Nyumba ni mwanamume."

"Na maji yangu nitayapataje?"

"Chini ya alama yangu. Nitakuangalia."

"Ndiyo ninachokiogopa," akasema, akaondoka. Mdomo ule!

Hata hivyo kivuli kilipogusa ngazi nilifunga kilango. Nisisingiziwe. Kivuli kilikuwa kivuli; nisingethubutu kukipinga mbele ya watu.

Mwaka wa thelathini na nne ikaja habari ya barabara. Tulichoka kubeba jibini kwa migongo. Mhandisi alipanda kutoka mjini, kijana mwenye viatu vya njano, akapima huku na huku, akasema njia rahisi inapita juu ya ukingo, ila pana jiwe limekaa vibaya. Tulikutana mbele ya kanisa baada ya misa, wanaume katikati, wanawake kando ya ukuta wa makaburi kama kawaida.

"Hili jiwe lina kazi yoyote?" mhandisi akauliza.

Tukatazamana. Wanaume hamsini na tatu, na watatu kati yao wana funguo za sanduku.

"Jiwe tu," nikasema mimi, Mkuu wa Mfereji.

Mikono yote ikainuka, jiwe lilipuliwe. Na hapo sauti ikatoka ukutani: "Na kivuli je? Mtafungulia maji kwa kitu gani?"

"Chura wa bondeni ana saa," mtu akajibu, "atatuazima!" Tukacheka vizuri kabisa. Leo naulizwa tulikuwa tunafikiria nini. Kidole kilikuwepo kama pua ilivyo usoni. Nani anauliza pua ina kazi gani?

Waliweka baruti siku ya Alhamisi. Kidole kiliingia mtoni kwa kishindo kilichovunja kioo cha dirisha la padri.

Zamu yetu iliangukia siku nne baadaye. Nilifungua asubuhi, nikakaa juu ya jiwe karibu na kilango. Mchana Leokadia akapanda na bamba lake la kukingia maji.

"Shemeji, funga. Ni zamu yangu."

Nikatazama ngazi ya kikanisa. Ilikuwa inang'aa kwa jua. Naapa sikuwa nimepanga. Ilinijia pale pale, tamu kama asali.

"Kivuli kimefika?"

"Kivuli gani, na jiwe mmelilipua?"

"Basi. Hati inasema kivuli. Kivuli hakijafika."

"Hakitafika mpaka kiama!"

"Ngoja kiama. Wewe una saa, utajua kikifika."

Hakuondoka. Alisimama na bamba lake mkononi mpaka kengele ya jioni, akiyaangalia maji yakiingia shambani kwangu. Nilitaka alie. Angelia, huenda ningefunga, sijui. Hakulia.

Zamu tatu zilimpita hivyo. Shamba la chini likawa na rangi ya kamba kuukuu. Mwezi wa nane alimshusha ng'ombe mmoja bondeni kwa baba yake, kwa sababu nyasi za kulisha wawili hazikuwepo. Alipita mbele ya mlango wangu, ng'ombe na kengele yake shingoni, na mke wangu Ottilia akafunga dirisha asione. Mimi nilisimama nikaona. Nilijisemea: bado mmoja, na mwenyewe atamfuata.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilisahau kwamba Blattegg masikio ni mengi. Alban Theler, mwenye zamu ya asubuhi pale penye kinu, aliisikia hoja yangu na akaipenda. Ndugu yake Viktor, mwenye zamu ya mchana, alimjibu kwa bamba, akamchana sikio. Wiki mbili baadaye kila mwenye asubuhi alikuwa anasema kivuli hakijafika, na kila mwenye mchana anafungua anapojisikia. Vilango viwili vilifunguliwa kwa pamoja, Mfereji ukafurika ukabomoka juu ya bustani za kabichi, nyundo ikanyamaza siku tano. Zamani robo ya kijiji ilikuwa haisemeshani na robo nyingine; sasa ilikuwa nusu kwa nusu. Padri alisema hatatoa komunyo kwa watu wanaokuja misani na majembe.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa tukakutana tena mbele ya kanisa. Mtu akasema tutumie saa za mfukoni. Sawa, lakini saa ngapi? Wenye asubuhi wakasema kivuli kilikuwa kinafika saa kumi na nusu. Wenye mchana wakasema saa saba. Katika miaka mia nne na themanini na sita hapakuwa na mtu wa Blattegg aliyewahi kukitazama kivuli na saa kwa pamoja. Ya nini? Alban na Viktor walikuwa wameshaanza kuvua makoti.

"Mimi ninazo," ikasema ile sauti ya ukutani.

Shingo zote zikageuka.

"Miaka saba kivuli kikigusa alama, mimi naangalia saa yangu naandika. Kinu, ngazi, zizi la padri, zote. Dirishani kwangu zinaonekana zote."

"Uliandika kwa nini?" Viktor akamuuliza.

"Kwa sababu mlinicheka."

"Haya mama, tupe."

"Kwanza alama yangu kwenye kijiti. Yangu mwenyewe, si ya Medard."

Nikaruka. "Mwanamke hana mkono hapa!"

"Mkono siutaki, shemeji. Nataka maji."

Walicheka tena, ila safari hii walinicheka mimi. Mikono hamsini na miwili ikainuka. Wangu nikauweka mfukoni, lakini kisu cha kuchongea alama kilikuwa kwenye mfuko huo huo, na ilibidi nikitoe. Nikamuuliza anataka alama gani.

"Mstari mmoja, wima."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kidole. Nyie mmekitupa mtoni, mimi nimekiokota."

Nikachonga. Kisha akataja saa na padri akaandika, mwezi kwa mwezi, alama kwa alama. Alipofika kwetu akasita kidogo, akanitazama.

"Ngazi ya kikanisa. Mwezi wa nane, saa tisa na robo."

"Uongo!" nikapiga kelele. "Ilikuwa saa tisa na nusu, haikupungua! Ananiibia robo nzima!"

Nilikuwa najua? Sikujua lolote. Nilisema tu ili nisikae kimya nimeshindwa. Lakini ukilisema neno mbele ya watu linakuwa lako, inabidi ulilishe. Nililisema siku ile, na jioni yake kwenye kilabu cha mvinyo, na kesho yake, na kwa miaka thelathini baadaye. Nilisema kwenye harusi za watu na kwenye misiba. Wanangu walikua wakimwita Mama Robo. Baadaye kijiji chote kikamwita hivyo, hata wale aliowamalizia ugomvi wao. Viktor Theler mwenyewe, ambaye asingekuwa na tone la maji bila yeye, alikuwa anamwita Mama Robo mbele ya uso wake.

Ng'ombe wake alimrudisha mwaka uliofuata. Shamba lilifufuka. Aliishi kwa lile shamba, akala mkate mweusi na jibini yake mwenyewe, akazeeka. Na kila siku ya kumi na sita, tangu theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapodondoka, alipanda na bamba lake akasimama hatua tano kutoka kwangu, na saa iliyoandikwa ikifika nilifunga kilango.

"Mwizi kafika," nilimwambia.

"Kafika, shemeji. Sogea."

Maneno hayo tu. Nikijumlisha tuliyosemeshana miaka thelathini, mengi ni hayo. Wakati mwingine alikuja mapema, akangoja. Sikuwahi kumwona akinihimiza.

Alikufa mwezi wa pili mwaka wa sitini na nne, kifua kilimbana. Theluji ilikuwa nyingi, tulimvuta kwa sleji, ubao wa kuteleza, mpaka kanisani, na mimi nilishika kamba kwa sababu sikuwa na jinsi. Ukoo ni ukoo. Hakuacha mtoto wala wosia. Shamba la chini likawa langu. Nililingoja miaka thelathini na mitatu, na nilipopewa karatasi nilikunja nikaweka kwenye kabati la vikombe.

Mwezi wa nne nilikwenda kusafisha nyumba yake. Saa ilikuwa imesimama. Niliitia ufunguo nikaisikiliza, nikaikuta nzima. Baadaye nikafungua ghala la nyasi, nikaona mlango umechongwa kwa kisu upande wa ndani, kutoka juu mpaka magotini. Miaka ilikuwa imepangwa, kuanzia ishirini na saba hadi thelathini na tatu. Kinu. Zizi la padri. Ngazi. Nilivaa miwani. Nilikuwa nimengoja miaka yote ile kuushika uongo wake kwa mkono wangu.

Ngazi, mwezi wa nane, ishirini na saba: saa tisa kamili. Ishirini na nane: saa tisa kamili. Ishirini na tisa, saa tisa kamili. Nikashuka na kidole mpaka thelathini na tatu, na mwezi wa saba nikauangalia, na wa sita. Mahali pote alikuwa ametutajia robo saa zaidi ya kilichoandikwa pale. Si kwa kina Theler. Ya kinu aliitaja ilivyo. Ni ya kwetu tu. Robo ilikuwa yake kwa haki, na alinipa mimi.

Chini kabisa, karibu na kizingiti, ulikuwepo mstari mwingine wa mwaka wa thelathini na nne. Ilibidi nipige magoti niusome.

"Ngazi: saa tisa na robo. Robo ni ya Medard, apate kunyamaza."

Nilikaa chini juu ya vumbi la nyasi. Nilianza kuhesabu zamu, nikaacha. Nililia, Mwalimu, na uyaache hivyo hivyo, mzee wa miaka sitini na tisa analia ndani ya ghala la mtu aliyemwita mwizi. Alinipa kitu akaomba kimoja tu, na hicho kimoja sikumpa hata siku moja.

Saa yake sasa iko jikoni kwangu. Mashamba yote mawili ni yangu, alama mbili kwenye kijiti ni zangu, na mtu mwenye akili atakuambia haina maana lini nafunga kilango gani, maji ni yale yale na nyasi ni za mtu mmoja. Kiangazi kilichopita, siku ya zamu, mwanangu Ignaz alikuwa nami pale juu. Saa ya mfukoni ilipoonyesha tisa kamili nikafunga kilango cha juu, nikashuka nikafungua cha chini.

"Baba, mbona mapema? Bado robo."

"Hiyo si yetu."

"Si yetu ya nani? Mama Robo si ameshakufa?"

Nikamwambia aende nyumbani, na jina lile asilitaje tena mbele yangu. Alikwenda ananung'unika kwamba uzee umeniingia. Nikasimama pale alipokuwa akisimama Leokadia, hatua tano kutoka kilangoni, na bamba lake mkononi, nikayaangalia maji yakiingia shambani kwake. Nilikaa kimya mpaka saa tisa na robo.